Utalii wa Uganda Usimsubiri Mgeni Mmoja

Septemba 2022 serikali ilitangaza kuwa Ebola ya aina ya Sudan imezuka wilayani Mubende. Kutoka Mubende hadi misitu ya Bwindi ni mwendo wa siku nzima kwa gari, na mtalii anayetoka Entebbe kwenda moja kwa moja kuona sokwe wa milimani, yaani gorila, hupitia Masaka na Mbarara, wala hafiki Mubende. Hata hivyo safari ziliahirishwa, hata za Kisoro, kule kwenye mpaka wa Rwanda na Kongo. Mtu aliyeko Berlin haijui Mubende, haijui Kisoro. Anaijua Uganda, na siku hiyo jina Uganda limekaa katika sentensi moja na Ebola. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 11 Januari 2023, baada ya wagonjwa 142 kuthibitishwa na 55 kati yao kufariki. Kwa mwenye nyumba ya wageni, ukimya uliendelea wiki nyingi baada ya tangazo hilo.

Nimeanza na Ebola ya Mubende, ila mifano iko mingi. Februari 2019 mpaka wa Katuna ulifungwa kwa mgogoro wa kisiasa kati ya Kampala na Kigali, ukaja kufunguliwa mwisho wa Januari 2022. Katikati ya mgogoro huo ikaingia korona. Mei 2023 mafuriko ya Mto Katonga yalikata barabara ya Kampala kwenda Masaka, ambayo ndiyo njia kuu ya kusini magharibi yote. Oktoba mwaka huohuo waasi wa ADF waliwaua watalii wawili waliokuwa fungate pamoja na dereva wao Mganda ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Septemba 2024 daraja la Karuma, mlango wa kaskazini, lilifungwa kwa matengenezo ya miezi mitatu. Januari 2025 Ebola ikarudi, safari hii Kampala kwenyewe.

Hiyo ni miaka sita tu. Anayepanga utalii wa nchi hii kana kwamba misukosuko ni ajali za mara moja moja anapanga utalii wa nchi nyingine. Hapa kwetu msukosuko ni sehemu ya majira, kama mvua za Aprili. Swali linalonishughulisha ni kwa nini kila ukija unaiangusha sekta nzima kwa pamoja, na kwa nini mtu wa mwisho kuinuka huwa ni yuleyule: mbeba mizigo wa Rushaga, mpishi wa Buhoma, dereva mwenye gari la mkopo.

Jibu langu ni kwamba tumejenga utalii unaomsubiri mgeni wa aina moja. Anatoka mbali, anakuja kwa ndege, anamfuata mnyama mmoja, anapita barabara moja, na fedha zake hupita katika mikono michache kabla ya kufika kijijini, zikifika. Kamba hiyo ikikatika mahali popote, hakuna kingine kinachoshikilia mzigo. Mkulima wa Kabale hafanyi hivyo kwenye matuta yake. Hupanda mtama hapa, maharage pale, viazi mbatata kule juu, kwa sababu babu zake walikwisha kuona mwaka ambao zao moja liligoma. Wizara na wawekezaji wetu wameuweka utalii wote kwenye tuta moja.

Simdharau sokwe wa milimani. Ni fahari yetu, na habari yake ni mojawapo ya habari njema chache za uhifadhi katika bara hili. Bwindi ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, utalii wa sokwe ukaanza mwaka 1993, na hesabu zilizotangazwa Desemba 2019 zilionyesha kuwa sokwe hao wamefika 1,063 duniani kote, wakigawanyika kati ya Bwindi na milima ya Virunga. Fedha za vibali vya kuwaona ndizo zimelinda msitu huo. Tangu Julai 2024 mgeni kutoka nje hulipa dola 800 kwa kibali kimoja. Kundi moja la sokwe hupokea wageni wanane kwa siku, nao hukaa nalo saa moja tu. Piga hesabu: kundi moja, siku moja, dola 6,400. Sehemu kubwa ya mapato ya Mamlaka ya Wanyamapori Uganda, UWA, hutoka hapo, na hulipa mishahara hata katika hifadhi ambazo hazina sokwe.

Ndiyo maana inatisha. Kidepo, kule Karamoja, inamtegemea sokwe aliye upande wa pili wa nchi. Na sokwe huambukizwa mafua na magonjwa mengine ya kifua ya binadamu, kwa hiyo ugonjwa wowote mpya wa njia ya hewa utafunga msitu kwanza kabla ya kufunga kitu kingine. Tuliliona hilo mwaka 2020. Wageni waliofika Uganda mwaka 2019 walikuwa milioni 1.54, mwaka 2020 walikuwa 473,085. Mwaka 2024, miaka minne baadaye, tulikuwa tumefika milioni 1.37. Tulikuwa bado hatujarudi tulipokuwa.

Katika kipindi hicho kigumu UWA ilifanya jambo ambalo naona halijazungumzwa ipasavyo. Kuanzia Desemba 2020 hadi Machi 2021 ilishusha bei ya kibali: dola 400 kwa mgeni wa nje, na shilingi 150,000 kwa raia wa Afrika Mashariki. Kwa mara ya kwanza mwalimu wa Mbarara, muuguzi wa Kampala, mfanyabiashara wa Nairobi aliweza kufikiria sokwe kama kitu chake. Kisha ndege zilipojaa tena, bei ikarudi juu, na leo raia wa Afrika Mashariki hulipa shilingi 300,000. Sisemi bei hiyo ni ya wizi; ukilinganisha na dola 800 bado ni nafuu kubwa. Ninachosema ni kwamba tulimwita jirani wakati wa njaa, na shibe ilipokuja tukamwacha mlangoni bila hata kumuuliza kama angependa kurudi.

Na majirani hawa ndio wengi wa wageni wetu. Takwimu za mipakani kila mwaka zinasema jambo lilelile: idadi kubwa mno ya wanaoingia Uganda wanatoka Afrika, na Kenya na Rwanda ziko mbele. Wanakuja kutembelea ndugu, kufanya biashara, kuhudhuria arusi na mazishi, kuswali na kusali, kutibiwa, kusoma. Mkenya na Mnyarwanda huingia kwa kitambulisho chake cha taifa bila kulipa viza. Lakini matangazo yetu yanapozungumzia mtalii, picha ni ya mtu mwenye kofia ya jua na darubini. Aliyeshuka basi Busia na mkoba mmoja wa nguo, akalala Kampala siku nne, akala, akanunua, akapanda bodaboda mara kumi, tunamhesabu kwenye jumla ya wageni ili tarakimu ipendeze, kisha tunamsahau tunapopanga huduma.

Tazama Namugongo. Kila mwaka, kuelekea tarehe 3 Juni, mahujaji humiminika kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wengine hutembea kwa miguu wiki kadhaa. Wakenya huvuka Malaba na Busia wakiimba, Watanzania huja kwa mabasi kupitia Mutukula, Wanyarwanda na Wakongo wamo. Kwa siku chache Kiswahili husikika Namugongo kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Hakuna wakala wa safari aliyewaleta, hakuna tangazo la televisheni lililolipiwa. Wanakuja kwa imani, na imani haisomi maonyo ya usafiri ya balozi za Ulaya. Ni kweli korona iliuzima mkusanyiko huo mwaka 2020 na 2021, lakini mwaka 2022 mahujaji walirudi wenyewe, bila kampeni, wakati hoteli za kifahari zilikuwa bado zinahesabu vitanda vitupu.

Sasa jiulize: hujaji kutoka Mwanza akimaliza misa tarehe 3 Juni saa nane mchana, anafanya nini? Katika hali ya sasa, anatafuta basi lake. Amesafiri mchana na usiku kuja hapa. Kuna madhabahu ya Munyonyo, mahali ambapo Kabaka alitoa hukumu. Kuna makaburi ya wafalme ya Kasubi, yaliyoungua Machi 2010, yakajengwa upya kwa ufundi uleule wa nyasi na miti, na Septemba 2023 UNESCO ikayaondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Historia ya Mashahidi na historia ya Kabaka Mwanga ni historia moja, na maili chache zinaitenganisha Namugongo na Kasubi. Kuna bustani ya wanyama ya Entebbe na ufuko wa Ziwa Viktoria. Kuna chanzo cha Nile pale Jinja, ambapo basi la kurudi Kenya hupita hata hivyo. Siku moja ya ziada kwa kila hujaji, kwa bei ya shilingi, kwa lugha anayoielewa, ingekuwa biashara ambayo vita vya Kongo au mafua ya Asia haviizimi kwa urahisi.

Kwa lugha anayoielewa, narudia. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi kufuatana na uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nenda kwenye lango la hifadhi yoyote usome ubao wa maelezo, au fungua tovuti ya nyumba ya wageni ya Fort Portal. Utapata Kiingereza, na bei kwa dola. Waelekezi wetu hujifunza Kijerumani na Kifaransa, na wanafanya vizuri, maana ni kazi yao. Lakini katika nchi iliyozungukwa na mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili, mwelekezi anayeweza kumweleza mama kutoka Arusha, kwa Kiswahili chenye adabu, kwa nini ndege aitwaye korongo nyangumi husimama saa nzima bila kutikisika kwenye matete ya kinamasi cha Mabamba, ni mtaji ambao hatujautia sokoni. Wapo vijana wa Bombo, Arua na Kampala waliokua na Kiswahili nyumbani. Ajira hii ni yao kabla ya kuwa ya mtu mwingine.

Wakenya walijifunza hili kwa maumivu. Baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, na maonyo ya usafiri yaliyofuata, hata Mei 2014 kampuni za Uingereza zikawaondoa wateja wao Mombasa kwa ndege, hoteli za pwani zilianza kufunga milango. Aliyezibeba zilizosalia ni Mkenya mwenyewe: familia za Nairobi za likizo ya Desemba, mikutano ya ofisi, vyama vya akina mama. Reli mpya ilipoanza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa katikati ya 2017, mgeni huyo akaongezeka. Hoteli zilizomkaribisha kwa heshima zilipona. Zile zilizomwona kama mgeni wa kujazia nafasi zilichelewa.

Hapa Uganda tumekuwa na kampeni za kuhimiza watu watembee nchi yao, na mwaka 2022 tukazindua chapa mpya ya kuitangaza Lulu ya Afrika. Siyapingi matangazo. Napinga kudhani kwamba Mganda hatembei kwa sababu hajaona tangazo. Hatembei kwa sababu kufika Kidepo kwa basi ni mateso, kwa sababu nyumba nyingi za wageni karibu na hifadhi zilijengwa kwa mtu wa dola 300 kwa usiku, na kwa sababu langoni anaulizwa gari lake liko wapi. Mtu asiye na gari la kwenda porini, katika hifadhi zetu nyingi, ni kama hakualikwa. Basi la hifadhi linalotoka Masindi au Kasese kila Jumamosi asubuhi, lenye mwelekezi ndani, lingefanya kazi kuliko mabango mia barabarani.

Nije kwenye ushindani, maana neno hilo linatumiwa ovyo. Mwaka 2017 Rwanda ilipandisha kibali cha sokwe hadi dola 1,500 kwa mara moja. Wengi hapa walishangilia wakidhani wateja wote wangehamia kwetu. Baadhi walihama, ni kweli. Lakini Rwanda haikuwa inauza sokwe peke yake. Ilikuwa inauza Kigali safi, uwanja wa ndege ulio saa chache kutoka msituni, kumbi za mikutano, na jina lake kwenye mikono ya jezi za Arsenal kuanzia 2018. Ikaongeza pia mgao wa jamii zinazoishi kando ya hifadhi kutoka asilimia 5 hadi 10 ya mapato. Na leo mtalii anayetaka sokwe wa bei nafuu hutua Kigali, huvuka mpaka asubuhi, huona sokwe wa upande wa kusini wa Bwindi, kisha hurudi kulala Rwanda. Kibali kimelipwa Uganda. Vitanda, chakula, petroli na zawadi za nyumbani vimenunuliwa kwingine.

Kwa hiyo bei ya chini haitoshi kuwa silaha. Kinacholeta fedha ni siku ambazo mgeni anakaa, na siku hutokana na vitu vya kufanya baada ya saa moja na sokwe. Ziwa Bunyonyi liko jirani. Sokwemtu wa Kibale wako njiani. Aina zaidi ya 1,000 za ndege ziko nchi nzima. Hapo ndipo tunapaswa kuwashinda Rwanda, maana nchi yetu ni kubwa na ina mengi. Na hapo ndipo, kwa uchungu nasema, tumejiumiza wenyewe.

Jinja ilikuwa na kitu ambacho hakuna jirani alikuwa nacho. Tangu miaka ya 1990 vijana wa dunia nzima walikuwa wakija kupanda mitumbwi ya mpira kwenye mawimbi ya Nile kuanzia Bujagali. Wasoga walikuwa na mahali pao pa ibada palepale, na mizimu ya Bujagali ilikuwa na mlinzi wake aliyeheshimiwa. Ziwa la bwawa la umeme la Bujagali, lenye uwezo wa megawati 250 na lililozinduliwa 2012, liliyameza maporomoko hayo. Serikali ilikuwa imeahidi, katika makubaliano yake na Benki ya Dunia, kwamba eneo la Kalagala na Itanda lingehifadhiwa kama fidia. Kisha likaja bwawa la Isimba, megawati 183, lililozinduliwa 2019, na ziwa lake likameza mawimbi mengine upande wa chini. Biashara ya mitumbwi bado ipo, waendeshaji wake ni watu wasiokata tamaa, lakini safari imefupishwa na mto umetulizwa.

Nchi inahitaji umeme. Nami naandika haya kwa taa inayowaka kwa maji ya Nile. Kosa ni kwamba hesabu ya upande wa pili haikupewa uzito wake. Megawati ziliandikwa kwa tarakimu. Mapato ya miaka hamsini ya mto unaokimbia, kwa mpiga makasia, muuza rolex, ile chapati ya mayai, mwenye chumba cha kupangisha Bujagali, hayakuwekwa kwenye jedwali lilelile ili watu wayalinganishe. Mwaka 2019 lilipokuja wazo la kujenga bwawa pale Murchison, penye maporomoko yenyewe, wananchi, waendesha watalii na hata wabunge walipiga kelele hadi Baraza la Mawaziri likatamka kulikataa, ingawa baadaye mwaka huohuo serikali ilisema utafiti ungeendelea. Nafurahi kwamba tulipiga kelele. Lakini maporomoko hayawezi kulindwa kwa kelele kila baada ya miaka kumi. Yanahitaji sheria inayosema bayana kwamba sehemu fulani za mto huu haziguswi.

Sasa nifike mahali ambapo moyo wangu upo zaidi, nao ni vijiji vya kando ya hifadhi. Aprili 2018 simba 11, wakiwemo watoto 8, walikutwa wamekufa kwa sumu karibu na kijiji cha wavuvi cha Hamukungu, ndani ya Queen Elizabeth. Juni 2020, wakati msitu umefungwa kwa korona, mwindaji alimuua kwa mkuki Rafiki, dume kiongozi wa kundi la sokwe la Nkuringo. Alikuwa akiwinda wanyama wadogo wa kitoweo. Alihukumiwa miaka 11. Magazeti yakaandika juu ya ukatili, na ukatili ulikuwapo. Lakini mimi huona pia kipindi kile: hakuna mgeni, hakuna mzigo wa kubeba, hakuna kinyago cha kuuza, na msitu uko nyuma ya nyumba. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa simba na hakupata kitu chochote kutoka kwa mtalii aliyekuja kumpiga picha simba huyohuyo, unamwambia nini?

Sheria inasema asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi zirudi kwa jamii zinazopakana nazo, na kila kibali cha sokwe kinatoa dola 10 kwa wenyeji. Ni mpango mzuri kuliko wa nchi nyingi. Walakini asilimia 20 ya viingilio si asilimia 20 ya kibali cha dola 800, na fedha hizo hupita wilayani kabla ya kufika kijijini, zikigeuka kuwa mbuzi wachache au darasa lisilo na paa. Ningependa kila kijiji kinachopakana na Bwindi kibandike ukutani mwa ofisi ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kila robo mwaka, kiasi kilichopokelewa na kilivyotumika. Karatasi moja tu, kwa Rukiga, kwa Rufumbira, kwa lugha ya mahali. Mwenye kujua kiasi kinachoingia kwa sababu ya sokwe ndiye atakayemkamata mwindaji kabla ya askari.

Na Wabatwa, wenyeji wa kwanza wa misitu hiyo, wasiachwe nyuma ya sentensi hiyo. Waliondolewa msituni Bwindi na Mgahinga ulipofanywa hifadhi mwaka 1991, bila ardhi ya kuwapokea. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilitambua kwamba walitendewa isivyo haki na kwamba wanastahili kurekebishiwa hali yao. Leo Wabatwa wengine huwaongoza wageni wakiwaonyesha namna walivyoishi msituni, wakicheza ngoma na kuwasha moto kwa vijiti. Ni kazi, na wengi wanaifanya kwa heshima. Lakini kumlipa mtu aigize maisha uliyomnyang'anya hakulipi deni.

Kuna mahali ambapo hili limefanyika vizuri zaidi, na linanipa imani. Tarehe 1 Machi 1999 waasi Wahutu waliovuka kutoka Kongo waliivamia Buhoma wakaua watalii wanane wa kigeni na mlinzi wa hifadhi Mganda. Mwaka ule wengi waliamini utalii wa Bwindi umekwisha. Buhoma ilisimama tena, na mojawapo ya sababu ni kwamba wenyeji walikuwa tayari na kambi yao ya wageni inayoendeshwa na jamii, wakiwa na kitu chao wenyewe cha kurudisha. Baadaye daktari wa wanyama Gladys Kalema-Zikusoka, aliyeanzisha shirika lake mwaka 2003 kwa wazo kwamba afya ya sokwe na afya ya kijiji ni moja, akaongeza biashara ya kahawa mwaka 2015: mkulima wa kando ya Bwindi anauza kahawa yake kwa bei nzuri, na jina la sokwe liko kwenye pakiti. Mtalii asipokuja, kahawa bado inasafiri. Pale Mabamba, wavuvi waliokuwa wakimwona korongo nyangumi kama mkosi wa kuharibu uvuvi, wakamuua, leo ndio wanaowapeleka wageni kwa mitumbwi kumtafuta. Mkosi umekuwa karo ya watoto.

Juu ya barabara nitasema kidogo, kwa kuwa kila mtu analijua. Katonga ilipokatika, nchi ilijua kwamba kusini magharibi yote inaning'inia kwenye tuta moja la udongo. Karuma ilipofungwa, ndivyo kaskazini. Kila hifadhi kubwa inahitaji njia ya pili inayopitika mwaka mzima, hata kama ni ya changarawe. Kasese inahitaji zaidi: Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020 ukaibomoa hospitali ya Kilembe, na Kilembe ni mojawapo ya njia za kupandia Rwenzori. Barafu ya kilele cha Margherita, mita 5,109, inayeyuka, na UNESCO ilionya mwaka 2022 kwamba barafu za milima ya Afrika zilizo katika orodha ya urithi huenda zikatoweka ifikapo mwaka 2050. Waelekezi wa Rwenzori wa leo wanapaswa kuanza sasa kuuza misitu, maziwa na mimea mirefu ya ajabu ya mlima huo, si theluji pekee.

Na habari. Msukosuko ukitokea, mtu wa kwanza kusema hushinda. Ebola ikizuka, saa 24 za kwanza ziwe na ramani inayoonyesha umbali kutoka kwenye mlipuko hadi kila hifadhi, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, yenye jina la afisa anayejibu simu. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa siku kadhaa, na mwenye nyumba ya wageni hakuweza hata kumjibu mteja aliyetaka kujua kama ni salama kuja. Wakati huohuo wageni wa sokwe wawe na haki ya kuhamisha tarehe bila adhabu, kama UWA ilivyofanya wakati wa korona. Na katika miaka ya neema, sehemu ya kila kibali iwekwe akiba, mfuko unaoguswa tu siku mapato yanapoporomoka, ili mlinzi wa hifadhi alipwe na mbeba mizigo apewe kazi ya kutengeneza njia za msituni badala ya kurudi kuutazama msitu kwa macho ya njaa.

Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika litachezwa hapa, Kenya na Tanzania kwa pamoja. Hoima ilianza kujengewa uwanja wake mwaka 2024. Barabara ya lami ya Hoima, Butiaba hadi Wanseko, kilomita 111, iliyojengwa kwa ajili ya mafuta, inafika karibu na Murchison, na daraja la Paraa limechukua nafasi ya kivuko cha zamani. Shabiki kutoka Dar es Salaam atakuwa na siku tatu kati ya mechi na mechi. Anahitaji basi la saa kumi na mbili asubuhi kutoka Hoima, mwelekezi wa Kiswahili, mashua ya kumpeleka hadi chini ya maporomoko, chakula cha mchana kilichopikwa na akina mama wa Buliisa, na bei moja ya shilingi iliyoandikwa kwenye simu yake kabla hajavuka mpaka. Wizara, UWA na wilaya ya Buliisa waitangaze bei hiyo sasa, na wamtaje atakayekuwa na ufunguo wa basi.